Shajara ya maombi: uzamili wa tiba kwa vitendo kwa masomo ya wikendi

Februari

Nafungua shajara hii ili maombi haya yawe na mahali pamoja pa kuandikwa, na ili msaidizi mwenzangu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku) anayewaza njia hiihii apate pa kuanzia. Nafanya kazi Marekani, nina leseni ya msaidizi, na shahada ya kwanza niliimalizia nikiwa kazini. Sasa natafuta shahada ya uzamili itakayonipa sifa za mtaalamu kamili, kwenye programu inayofundisha mwishoni mwa wiki, kwa sababu kuacha kazi siwezi.

Kazi yangu naipenda kwa dhati. Ila ina mpaka wake. Tathmini ya kwanza ya mgonjwa, malengo yake na mpango wa tiba ni wajibu wa mtaalamu. Msaidizi huchangia kwenye tathmini, hutekeleza mpango, huandika maendeleo na kupeleka taarifa kwa anayemsimamia. Utaratibu huu una mantiki na unamlinda mgonjwa. Lakini mimi ndiye ninayekaa naye siku nenda siku rudi, na mara nyingi ndiye ninayegundua mapema kwamba lengo lililoandikwa silo linalomkosesha usingizi.

Nitoe mfano, nikiwa nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mhusika. Mzee aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Lengo lake kwenye mpango: avae shati bila kusaidiwa. Tukaanza na kanuni ambayo kila mtu wa fani hii anaijua, kwamba wakati wa kuvaa mkono uliodhoofika hutangulia, na wakati wa kuvua ndio hutoka mwisho. Alikuwa analitandaza shati mapajani, anauvuta mkono wa kulia kwa wa kushoto hadi vidole vichomoze, analipandisha hadi begani, kisha analizungusha nyuma ya shingo. Vifungo alivifunga kwa kile kifaa chenye mpini na kitanzi cha waya, kinachopita kwenye tundu na kukivuta kifungo upande wa pili. Lengo lilitimia. Lakini kila siku alikuwa akiniuliza kama ataandika tena, kwa sababu hesabu zote za familia yeye ndiye aliyeziweka kwenye daftari. "Shati hata mwanangu atanivalisha," aliniambia. "Daftari nani ataniandikia?"

Nilipeleka taarifa, lengo likaongezwa, tukaanza kazi ya kalamu. Yalikwenda vizuri. Hata hivyo nataka niwe mtu anayeuliza swali hilo siku ya kwanza, mwenye mamlaka ya kuliingiza kwenye mpango siku hiyohiyo.

Machi, mwanzoni: kuchuja programu

Kichujio cha kwanza ni ithibati. Marekani, programu za fani hii hupewa ithibati na ACOTE, baraza la ithibati la elimu ya fani hii, na aliyesomea hapa hafanyi mtihani wa kitaifa wa NBCOT, bodi inayothibitisha wataalamu, asipokuwa amehitimu kwenye programu yenye ithibati hiyo. Bila mtihani hakuna leseni ya jimbo. Programu mpya hupitia hatua kadhaa kabla ya kupata ithibati kamili, kwa hiyo hadhi ya kila moja nimeisoma kwenye orodha ya ACOTE yenyewe. Vipeperushi vya vyuo nimeviweka kando kwa hilo.

Kichujio cha pili ni uzamili au udaktari. Wengi kazini bado wanaamini uzamili unafutwa. Chanzo chake kinaeleweka: mwaka 2017 ACOTE ilitangaza kwamba kuanzia Julai 2027 mtaalamu ataingia kwenye fani kwa udaktari tu. Tangazo hilo likasitishwa, na mwaka 2019 ikaamuliwa kwamba njia zote mbili zibaki. Udaktari wa kuingilia una wiki 14 za ziada, yaani saa 560, kwa ajili ya mradi wa mwisho baada ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kwenye kituo cha tiba. Kwa anayetaka kufundisha au kuongoza programu, naona thamani yake. Mimi nataka kutathmini na kupanga, na kwa hayo uzamili unatosha. Programu za udaktari nimezifuta kwenye orodha yangu.

Zilizobaki hazifanani hata kidogo. Kuna ya kukutana kila baada ya wikendi moja. Kuna ya wikendi moja kwa mwezi, Ijumaa jioni hadi Jumapili alasiri, na katikati yake mihadhara ya mtandaoni yenye tarehe zake za mwisho. Nyingine huchukua wasaidizi peke yao na hujengwa juu ya yale wanayoyajua tayari. Nyingine humpokea yeyote mwenye shahada ya kwanza, na msaidizi anakaa dawati moja na mtu ambaye hajawahi kumsimamisha mgonjwa kitandani. Mimi naelekea upande wa zile za wasaidizi. Sitaki wikendi zangu ziishie kwenye kujifunza upya jinsi ya kufunga mkanda wa kumshikia mgonjwa.

Machi, mwishoni: fildi

Hapa ndipo mpango wote unapokaa au kuanguka, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Madarasa ni ya wikendi. Fildi si ya wikendi. Kanuni za ACOTE zinamtaka mwanafunzi wa ngazi ya mtaalamu afanye fildi ya ngazi ya pili kwa wiki zisizopungua 24 za muda kamili. Msaidizi huhitaji wiki 16, na hizo nilishazifanya nilipokuwa nasomea usaidizi, ila kwa uzamili hazihesabiwi. Wiki hizo 24 hufuata saa za kituo kinachokupokea, na vituo vingi hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa mchana. Kanuni zinaruhusu fildi ya muda nusu iwapo kituo kimekubali, mradi isishuke chini ya asilimia 50 ya muda kamili wa kituo hicho. Maana yake wiki 24 zinageuka kuwa 48. Kabla ya hiyo kuna fildi ya ngazi ya kwanza, ambayo ni fupi na imetawanyika kati ya mihula, nayo kwa kawaida inaangukia siku za kazi.

Kwa hiyo mtu anayesema "nitasoma wikendi na kazi yangu iendelee kama kawaida" anaielezea miaka ya madarasa tu. Mwisho wa programu unadai karibu nusu mwaka wa siku za kazi, na ukurasa wa kwanza wa tangazo la programu hauna hata mstari wa habari hiyo. Mimi nimeamua kuupanga mradi huu kuanzia fildi kurudi nyuma: kwanza nijue wiki 24 zitapatikanaje, ndipo nihangaike na insha.

Nimeziandikia ofisi za udahili maswali yaleyale. Fildi ya ngazi ya kwanza inafanyika siku gani? Anayetafuta kituo ni mratibu wa fildi au mwanafunzi? Je, mnao wanafunzi waliowahi kufanya ngazi ya pili kwa muda nusu, na wangapi? Naweza kufanyia kwa mwajiri wangu, katika idara nisiyofanyia kazi? Baada ya madarasa kwisha nina muda gani wa kukamilisha? Majibu yametofautiana kuliko nilivyotarajia. Programu moja ilijibu kwa ukurasa mzima, na mratibu wa fildi akaweka namba yake niongee naye. Nyingine ilinirudishia kiungo cha tovuti niliyokwisha kuisoma. Kwa maoni yangu, jinsi ofisi inavyojibu swali la fildi kabla hujalipa chochote ndivyo itakavyokuhudumia utakapokuwa huna kituo na muhula unakaribia. Ile ya kiungo nimeiondoa.

Kuhusu kufanyia kwa mwajiri, programu mbili zimesema inawezekana iwapo msimamizi si yule anayenisimamia sasa na eneo la tiba ni tofauti. Nimelielewa sharti hilo na nakubaliana nalo. Mwanafunzi anatakiwa aonekane kama mwanafunzi, na wenzake wakishamzoea kama msaidizi watampa kazi za msaidizi.

Aprili: likizo, bima, ada

Mwezi wa makaratasi. Sheria ya likizo ya FMLA haisaidii hapa, kwani inahusu ugonjwa na familia, haigusi masomo, na hata hivyo ukomo wake wa kawaida ni wiki 12. Nitahitaji likizo bila malipo au mkataba wa saa chache.

Bima ya afya ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa saa zikishuka na bima ya mwajiri inaweza kukoma. Kuna COBRA, inayomruhusu mtu kubaki kwenye bima ileile hadi miezi 18 baada ya kuacha kazi au kupunguziwa saa, ila analipia gharama yote mwenyewe pamoja na asilimia 2 ya uendeshaji. Nimeiingiza kwenye bajeti ya miezi ya fildi kana kwamba ni lazima. Isipohitajika itakuwa akiba.

Kuhusu ada, mwajiri wa Marekani anaweza kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka kwa ajili ya masomo bila fedha hizo kutozwa kodi ya mapato. Mwajiri wangu ana mpango huo; nimechukua fomu na kusoma sharti la kubaki kazini baada ya kufadhiliwa. Jambo jingine la kuangalia mapema: mikopo ya serikali kuu humtaka mwanafunzi awe amesajiliwa angalau kwa nusu ya mzigo wa masomo. Programu za wikendi hugawa masomo kidogokidogo, na muhula mmoja mwepesi unaweza kukushusha chini ya nusu. Muulize afisa wa mikopo wa chuo akupe jibu kwa kila muhula, kwa maandishi.

Mei: siku ya wazi

Nimetembelea programu inayoongoza kwenye orodha yangu, wikendi ambayo wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa kwenye maabara ya mabanzi, vifaa vya kuushikilia mkono mahali pake. Walituruhusu tukae nyuma tuangalie, na kile nilichokiona ndicho kilichoniaminisha kuliko maelezo yote ya ukumbini.

Plastiki ya kutengenezea banzi huingizwa kwenye beseni la maji ya moto, nyuzi 70 hivi za Selsiasi, mpaka ilegee. Mwanafunzi anaitoa kwa koleo, anaikausha, anaipima joto kwenye ngozi yake mwenyewe kabla ya kumgusa mwenzake, halafu ana dakika chache tu kabla haijakakamaa. Katika dakika hizo anatakiwa akiinue kifundo cha mkono nyuzi 20 hadi 30, vidole vijikunje kwa ulegevu, dole gumba likae mbali na kiganja, na kingo zisikate chini ya kifundo. Dada mmoja alizipata pembe zote sawasawa, goniometa, kifaa cha kupimia pembe za viungo, ikathibitisha. Mwalimu akalitazama banzi lile, akamuuliza: "Huyu mgonjwa wako atalivaa wakati gani?" Dada akajibu kwamba usiku. "Na nani atamfunga kamba, ikiwa mkono wa pili nao una baridi yabisi?" Ikabidi kamba zote zibadilishwe ziwe na kitanzi kikubwa cha kupitisha kidole.

Swali lile la mwalimu ndilo ninalolitafuta kwenda kulisomea. Walikuwa darasani tangu asubuhi, wengine wametoka zamu ya Ijumaa, na bado hakuna aliyeachwa aridhike na pembe sahihi peke yake.

Nilizungumza na wanafunzi wawili wakati wa mapumziko. Wote walisema wikendi zinachosha lakini zinabebeka. Kinachowaelemea ni katikati ya wiki: kazi za kikundi na watu wanaoishi majimbo tofauti, wenye zamu tofauti, wanaotafuta saa moja ya kukutana mtandaoni.

Juni: masomo ya awali

Anatomia na fiziolojia nilisoma zamani kidogo, na programu nyingi hazitaki masomo ya sayansi yaliyopitisha miaka fulani, mara nyingi kati ya 5 na 10. Nimejisajili kulirudia somo la pili lenye maabara. Takwimu nitachukua mwishoni mwa mwaka. Saikolojia ya makuzi na ile ya magonjwa ya akili ninazo.

Nalisoma fungu la neva linalotoka shingoni kwenda mkononi, mizizi C5 hadi T1. Nilipolisoma mara ya kwanza lilikuwa mchoro wa kukariri. Sasa kila neva ina sura ya mtu. Neva ya radiali ikijeruhiwa pale inapozunguka mfupa wa mkono wa juu, kifundo kinaning'inia na mgonjwa hawezi kukiinua, nimewahudumia. Ya mediani ikibanwa kwenye mfereji wa kifundo, dole gumba linapoteza nguvu na mtu anaangusha vitu vidogo, nimewahudumia pia. Kurudia somo nikiwa na miaka ya kazi nyuma yangu kumenifurahisha kiasi ambacho sikukitazamia, na usiku unaisha upesi.

Julai: OTCAS imefunguliwa

Dirisha la OTCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, hufunguliwa katikati ya Julai. Programu tatu nilizobakiza zote zinautumia.

Kazi kubwa ni kuingiza kila somo la kila chuo ulichowahi kusoma, hata chuo ulichochukua somo moja tu, kwa jina na alama kama zilivyo kwenye transkripti, orodha rasmi ya alama. OTCAS hukokotoa wastani wake wenyewe. Somo lililorudiwa huhesabiwa mara zote, hata kama chuo chako kilishafuta alama ya mwanzo, kwa hiyo wastani utakaouona humo unaweza kutofautiana na ule wa cheti chako. Lijue hilo kabla hujalinganisha namba yako na kiwango cha programu. Mwenzangu aliyesoma shahada ya kwanza nje ya Marekani ameambiwa alete tathmini ya transkripti ya somo kwa somo kutoka shirika linalotambuliwa. Ile ya jumla haikubaliwi. Huchukua muda, ianze mapema.

Saa za kumtazama mtaalamu akiwa kazini: kwa msaidizi aliyeajiriwa, programu mbili zimezisamehe, moja inazitaka katika eneo nisilofanyia kazi. Nimeomba nafasi kwenye huduma za watoto shuleni.

Agosti: insha

Rasimu ya kwanza nilimpa mtaalamu anayenisimamia. Aliisoma palepale, akapigia mstari sentensi inayosema napenda kusaidia watu, akaandika pembeni: "Nani aliyeomba nafasi hii hapendi?" Nashukuru aliisoma kwa ukali huo. Nimeifuta sentensi, na pamoja nayo aya mbili zilizoishi juu yake.

Nikajiuliza nina nini cha kusema ambacho anayetoka shahada ya kwanza moja kwa moja hana. Ninacho kitu kimoja: nimekaa upande wa pili wa mpango wa tiba. Najua mpango ulioandikwa vizuri unavyosomeka saa moja asubuhi mbele ya mgonjwa aliyechoka, na najua ule ulioandikwa kwa haraka unavyomwacha msaidizi akibahatisha. "Aongeze nguvu za mkono" ni lengo lisiloniambia nifanye nini. "Ndani ya wiki mbili, aandike mistari mitano kwa mkono wa kushoto, akiwa amekaa, karatasi ikiwa imebanwa, bila kukumbushwa" ni lengo ninaloweza kulifanyia kazi, kulipima, na kumweleza mgonjwa akalikubali au akalikataa. Insha yote sasa inasimama juu ya tofauti hiyo, na mzee wa daftari yumo, bila umri wake, bila kituo, bila tarehe. Sheria ya HIPAA, ya faragha ya wagonjwa, inalinda taarifa zake hata kwenye insha ya maombi, na kamati inayosoma inaangalia kama unalijua hilo.

Nimejizuia pia kuandika historia ya fani. Ilinivutia, maana ni historia nzuri: watu wachache walikutana Clifton Springs, New York, Machi 1917, wakaunda chama, na miongoni mwao alikuwemo Eleanor Clarke Slagle, aliyeamini kwamba mtu mwenye ugonjwa wa akili hujengwa upya kwa ratiba ya siku, kazi na mapumziko yaliyopangiliwa. Nikiwa na mgonjwa ambaye siku yake imepoteza umbo, nafikiria ratiba zile. Lakini kamati inaijua historia yake, na nafasi ya insha ni finyu. Imebaki sentensi moja.

Kwa programu inayouliza utamudu vipi masomo na kazi, nimeweka mpango wa fildi mzima: miezi ya akiba, bima, mazungumzo yaliyofanyika na mwajiri. Naamini hiyo ndiyo aya yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa haiombi waniamini.

Septemba: barua na kutuma

Barua tatu: mtaalamu anayenisimamia, mwalimu wa anatomia, na mratibu wa zamu. Kila mmoja nimempa ukurasa mmoja wenye mambo tuliyofanya pamoja, ili aandike alichokiona mwenyewe. Haki ya kuzisoma nimeiachia kwenye fomu, kama inavyoshauriwa, maana barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminiwa kidogo.

Maombi yamekwenda. Uhakiki wa OTCAS una foleni yake, na programu mojawapo inahesabu siku ya kukamilika kwa uhakiki kuwa ndiyo siku ya kupokelewa. Anayetuma siku ya mwisho kwa programu ya namna hiyo amechelewa tayari.

Novemba: usaili

Wito umetoka programu mbili. Moja ilifanya usaili mtandaoni, mfupi, maswali ya kawaida. Ya pili, ile ya mabanzi, ilituita chuoni.

Swali lililonipa kazi lilikuwa hili: umehitimu, umepewa msaidizi wa kumsimamia, na ana uzoefu mara tatu ya wako; anakataa mpango ulioandika; utafanya nini? Nilijibu kwamba kwanza ningemuuliza ameona nini, kwa kuwa nilikuwa mtu huyo jana, na anayeona mgonjwa kila siku ana habari ambayo tathmini ya saa moja haikuipata. Kisha uamuzi ningeubeba mimi na kuuandika kwa jina langu, kwa sababu wajibu wa mpango haugawanyiki. Mmoja wa wasaili akasukuma zaidi: na kama bado hakubali? Basi namwonyesha mgonjwa mwenyewe njia zote mbili, nikasema, maana siku ni yake.

Kisha wakatupa kisa. Mama mwenye baridi yabisi ya vidole anasema hana shida yoyote, anaendelea vizuri. Utaanzia wapi? Nikazungumzia COPM, chombo cha mahojiano ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja shughuli zinazomtatiza, akazipima umuhimu kwa alama 1 hadi 10, akachagua zisizozidi tano, na kwa kila moja akatoa alama ya jinsi anavyoifanya na jinsi anavyoridhika. Baada ya tiba hurudiwa, na mabadiliko ya alama 2 huhesabiwa kuwa ya maana. Anayesema hana shida, nikaeleza, mara nyingi ameshaacha kufanya kile kilichokuwa kikimpa shida. Ningemwomba anisimulie jana yake tangu alipoamka, bila kutaja ugonjwa kabisa, nikisikiliza ni kazi zipi amewaachia wengine. Hapo ndipo mipini minene, mifuniko ya kufungulia kwa kiganja na kubeba vitu kwa mkono wa mbele badala ya vidole vinapopata mahali pa kuingilia.

Nilitoka nikiwa nimesema nilichokuja kusema.

Desemba: majibu

Programu iliyonisaili mtandaoni imeniweka kwenye orodha ya kusubiri. Ile ya mabanzi imenipokea. Nimeisoma barua kwa sauti, nikampigia mtaalamu anayenisimamia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Masharti: somo la takwimu likamilike kwa alama inayokubalika, uhakiki wa rekodi ya jinai, chanjo zote, cheti cha huduma ya kwanza ya moyo na mapafu kiwe hai. Amana ya nafasi nimeilipa. Kwenye orodha ya kusubiri nimejitoa siku hiyohiyo, kuna mtu nafasi hiyo inamfaa.

Januari: kikao na mwajiri

Nimekaa na meneja wa idara nikiwa na barua ya udahili, ratiba ya wikendi za mwaka wa kwanza na ukurasa wa fildi. Tumekubaliana mambo matatu, na ameyaandika. Wikendi za darasa sitapangiwa zamu. Kwa wiki 24 za ngazi ya pili nitahamia mkataba wa zamu za kuitwa, Jumamosi tu, bila kupoteza miaka yangu ya utumishi. Na ngazi ya kwanza ya fildi, inayoangukia siku za kazi, nitaifidia kwa kubadilishana zamu na wenzangu wawili waliokubali. Bima haikupatikana kwa mkataba wa kuitwa, kwa hiyo COBRA inabaki kwenye bajeti kama nilivyoiweka Aprili.

Mratibu wa fildi wa chuo amepokea nakala ya makubaliano na ameanza kunitafutia kituo cha afya ya akili, eneo nisilolijua kabisa. Mtihani wa takwimu ni mwezi ujao, na transkripti yake ndiyo pekee iliyobaki kwenye masharti ya barua.